Alhamisi ya Kibali: lugha ya Bali inavyorudi ofisini, mabangoni na simuni

Tuanze na jina, maana linaweza kumpoteza mtu. Kwa ngeli zetu lugha ya kisiwa cha Bali ni Kibali, na humu neno hilo halihusiani na ile karatasi ya ruhusa inayogongwa mhuri. Wenyewe huiita Basa Bali. Ni lugha ya jimbo moja la Indonesia lenye watu wapatao milioni 4.3 kwa sensa ya 2020, ndugu wa karibu wa Kisasak cha kisiwa jirani cha Lombok. Ukiingia soko la Denpasar, mji mkuu wa jimbo, alfajiri utaisikia ikipatana bei, ikitania na kugombana bila msaada wa serikali yoyote.

Basi kinachofufuliwa ni nini, ikiwa lugha i hai? Ni nafasi zake. Ofisi huandika Kiindonesia, hoteli huhudumia kwa Kiingereza, darasa la hesabu huendeshwa kwa Kiindonesia, na mama kijana wa mjini humbembeleza mwanawe kwa Kiindonesia ilhali yeye mwenyewe alibembelezwa kwa Kibali. Ofisi ikiiacha lugha, nyumba huweza kuibeba. Nyumba ikiiacha, ofisi haiwezi kuibeba peke yake, hata gavana atie saini mara ngapi.

Sheria za Bali hutaja vitu vitatu kwa pumzi moja: bahasa, aksara, sastra, yaani lugha, herufi na fasihi. Wengi husoma mstari huo kama jambo moja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Usemi una ugonjwa wake, herufi zina wake, na vitabu vya majani ya mvumo vina wake. Dawa ya kimoja haitibu kingine. Kibao kipya chenye herufi za Kibali mbele ya ofisi hakimfundishi mtoto kusema neno hata moja, na mtoto anayesema Kibali safi kwa bibi yake huenda asiweze kusoma kibao hicho.

Njia ya sheria

Katiba ya Indonesia, katika kifungu cha 32 kama kilivyorekebishwa mwaka 2002, inaitaka dola iziheshimu na kuzitunza lugha za mikoa kama utajiri wa utamaduni wa taifa. Bali ilikuwa imeshatangulia: sheria yake ya kwanza ya jimbo kuhusu lugha, herufi na fasihi ni Namba 3 ya mwaka 1992. Kwa miaka mingi sheria hiyo ilionekana zaidi kwenye vibao vya barabara na mashindano ya shule.

Joto lilipanda baada ya mabomu yaliyolipuka Kuta, eneo la watalii, tarehe 12 Oktoba 2002, yakaua watu 202. Kauli ya Ajeg Bali, yaani Bali isimame imara, ilienezwa sana na magazeti na televisheni za kisiwani, na lugha ikawa sehemu ya kauli hiyo. Lakini msukumo wa kweli ulitoka darasani. Mwaka 2013 mtaala mpya wa taifa ulikuja bila somo linalojitegemea la lugha ya mkoa. Maudhui yake yaliingizwa ndani ya somo la sanaa na kazi za mikono. Walimu, wahadhiri na wanafunzi wa Kibali waliandamana Denpasar. Mwaka huohuo ikatoka Kanuni ya Gavana Namba 20, iliyolifanya somo hilo kuwa la lazima, angalau vipindi viwili kwa wiki, toka shule ya msingi hadi sekondari ya juu. Kipindi cha shule ya msingi ni dakika 35. Kwa hiyo lugha nzima, pamoja na herufi zake na mashairi yake, imepewa dakika 70 kwa wiki.

Kisha mwaka 2018 zikaja mbili kwa mpigo: Sheria ya Jimbo Namba 1, na chini ya Gavana I Wayan Koster, Kanuni Namba 80. Hii ya pili ndiyo iliyobadilisha sura ya mitaa. Inaagiza Kibali kitumike ofisini, shuleni na katika huduma za umma kila Alhamisi, siku za Purnama (mwezi mpevu), siku za Tilem (mwezi mwandamo) na siku ya kuzaliwa kwa jimbo, tarehe 14 Agosti. Inaagiza pia herufi za Kibali ziwekwe juu ya herufi za Kilatini kwenye vibao vya mahekalu, ofisi, barabara, uwanja wa ndege na sehemu za utalii. Neno "juu" limechaguliwa makusudi: zamani herufi za Kibali ziliwekwa chini kama mapambo. Na mwezi mzima wa Februari, kuanzia 2019, ni Bulan Bahasa Bali, mwezi wa lugha, wenye mashindano toka ngazi ya kijiji cha mila hadi jimbo: kuchora maandishi kwenye jani la mvumo, kuyasoma kwa sauti, mdahalo wa Kibali, hata kuchapa herufi hizo kwenye kompyuta.

Kanuni nyingine iliyotoka pamoja nayo, Namba 79, inaagiza vazi la Kibali siku zilezile. Ya mavazi ilishika haraka. Kufunga kitambaa kichwani huchukua dakika mbili. Kusema sentensi iliyonyooka mbele ya bosi ni kazi nyingine.

Ulimi unaopima cheo

Anayeielewa shida hii ameelewa nusu ya habari yote, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kibali kina ngazi za usemi, kwa jina lao anggah-ungguhing basa. Si suala la kuongeza "tafadhali" au kubadili sauti. Maneno yenyewe hubadilika. Chukua kitendo cha kula. Kwa rafiki ni madaar. Kwa mtu wa kuheshimiwa usemaye naye ni ngajeng. Kwa kuhani wa Kibrahmana ni ngrayunang. Ukijisemea wewe mwenyewe kwa unyenyekevu mbele ya mkubwa ni nunas. Na lipo amah, la mnyama, ambalo ukimtupia binadamu umemtukana. Kurudi nyumbani ni mulih kwa usemi wa kawaida, mantuk kwa kumkweza mwingine, pamit kwa kujishusha. Kufa ni mati, padem, seda au lebar, kutegemea nani kafa na nani anasema. Sisi tunaosema "amefariki" kwa mzee na "amekufa" kwa kuku tunaionja ladha hii kwa ncha ya ulimi tu. Wao wamepakuliwa sinia zima.

Wasarufi hugawa usemi wa juu, basa alus, katika mafungu. Kuna alus singgih, wa kumpandisha mtu mwingine. Kuna alus sor, wa kujishusha mwenyewe au kumshusha mtu wako unapomtaja mbele ya mkubwa. Kuna alus mider, maneno yanayotumika pande zote mbili. Kisha kuna alus madia, usemi wa kati, wenye heshima bila marembo mengi. Chini yake ni andap, usemi wa nyumbani na wa rika, na chini kabisa kasar, wa hasira na matusi. Halafu kuna maneno yasiyo na ngazi hata moja, kruna mider, kama meja na buku. Hayo ni nafuu kwa kila mtu.

Kosa linaloogopwa kuliko yote si kumshusha mwingine. Ni kujipandisha. Mtu akisema *tiang sampun ngrayunang* kwa maana ya "mimi nimeshakula", amejipa cheo cha kuhani. Ni kama mtu anayeingia barazani na kuitikia "marahaba" kabla hajaamkiwa. Watu watacheka, au watanyamaza, na kunyamaza ndiko kubaya zaidi. Sahihi ni *tiang sampun nunas*. Kosa hili ni la kawaida mno kwa vijana wa mjini kwa sababu shule huwafundisha kwamba "ngrayunang ni neno la heshima kuliko madaar", ikasahau kuongeza: la heshima kwa nani. Mwanafunzi anayetaka kuonekana mstaarabu hukamata neno la juu kabisa alilonalo na kulielekeza kwake mwenyewe.

Ngazi hizi zilikaa juu ya mfumo wa nasaba. Brahmana, Ksatria na Wesia kwa pamoja ni triwangsa, koo tatu za juu; wengine wote, ambao ni zaidi ya watu tisa kati ya kumi, ni jaba, watu wa nje ya kasri. Jina hutoa fununu. Ida Bagus au Ida Ayu ni Brahmana. Cokorda na Anak Agung ni wa kasri. Gusti hutajwa kwa Wesia. Wayan, Made, Nyoman na Ketut ni majina ya jaba kwa mpangilio wa kuzaliwa. Ukikutana na mgeni usiyemjua, mila inakuruhusu kuuliza *antuk linggih*, yaani "umeketi wapi", ukiwa na maana ya nasaba yake. Mpaka upate jibu, unasema alus.

Sasa weka mfumo huo ofisini. Mkurugenzi anaitwa I Made, ni jaba. Karani wake anaitwa Ida Bagus. Kwa nasaba karani yuko juu. Kwa mshahara yuko chini. Nani amkweze nani? Suluhisho la kawaida ni wote wawili kusemeshana kwa alus, kila mmoja akimpandisha mwenzake na kujishusha. Suluhisho la pili, lililoshinda kwa miaka mingi, ni kuhamia Kiindonesia, lugha isiyouliza umeketi wapi. Kuhama huko hakukuanza jana. Miaka ya 1920 wasomi wa jaba mjini Singaraja, waliotoa jarida la Surya Kanta na kupinga upendeleo wa kitabaka, waliandika kwa Kimalayu. Wakimlaumu kijana wa leo kwa kukimbilia Kiindonesia, wazee wasisahau kwamba mlango huo ulifunguliwa na watu waliojua Kibali barabara, na walikuwa na sababu.

Hofu ya kukosea humfanya mtu ajizuie kusema ili asijitie aibuni. Mzazi asiye na hakika na alus yake huona afadhali amfundishe mtoto Kiindonesia kuliko amfundishe Kibali cha andap kitakachomfedhehesha mbele ya wakwe. Hapo ndipo uzi unapokatika, na hukatikia jikoni.

Ndiyo maana kanuni ya Alhamisi inachechemea. Ofisini siku hiyo huanza vizuri: *Om Swastyastu*, kisha *rahajeng semeng* ya kuamkiana asubuhi, kisha ukarani wenyewe unapoanza, kodi, fomu, bajeti, wote wanateleza kurudi kwenye Kiindonesia. Istilahi za ofisi hawakuwahi kuzisikia kwa Kibali. Walimu wenye busara huwaambia watu wa namna hii mambo machache. Shika *tiang* kama "mimi"; inafaa karibu kila mahali, wakati *icang* ni ya marafiki na *titiang* ni ya hadhara rasmi. Usimwite mkubwa *cai* au *nyai*. Tumia *ragane* au *jerone*, au jina na cheo chake. Jifunze vitendo kumi vya kila siku kwa jozi, cha kumkweza mwingine na cha kujishusha, usijifunze kimoja kimoja. Istilahi ya Kiindonesia isiyo na neno la Kibali iache kama ilivyo, uizungushie maneno madogo ya alus, mathalani *sane* (ambayo), *ring* (katika), *nenten* (si), *sampun* (tayari). Msikilizaji hupima heshima kwa hayo madogo kabla ya kupima kwa nomino kubwa. Na usilazimishe alus singgih. Madia inatosha kwa shughuli nyingi za umma. Kwa maoni yetu shule zingeanza na madia, zikaacha ngazi ya juu kabisa ije baadaye. Kwa kuanza na ngazi ya juu, zinalea watu wanaokariri hotuba na kushindwa kununua maji.

Kibao chenye kosa

Herufi za Kibali, aksara Bali, zimetokana na mwandiko wa Kibrahmi wa India kupitia Kikawi, mwandiko wa kale wa Java. Kwa Kibali cha kawaida zinatosha konsonanti 18, zinazokaririwa kwa mpangilio wa hanacaraka. Kila konsonanti imebeba irabu a ndani yake. Ukitaka irabu nyingine unaongeza alama: ulu juu kwa i, suku chini kwa u, taleng mbele kwa é, pepet juu kwa ile e ya kumeza. Mwisho wa silabi kuna alama tatu za mkato: cecek kwa ng, surang kwa r, bisah kwa h.

Ugumu uko katikati ya neno, konsonanti mbili zinapofuatana. Lazima ile a ya konsonanti ya kwanza iuawe. Njia sahihi ni kuitundika konsonanti ya pili chini ya ya kwanza, kwa umbo lake maalumu liitwalo gantungan, au kuigandisha ubavuni kwa umbo la gempelan ikiwa ni herufi kama pa au sa. Alama ya kuua irabu waziwazi, adeg-adeg, kazi yake ni mwisho wa sentensi, au pale ambapo kutundika kungeleta ghorofa tatu, jambo lisiloruhusiwa. Mfano wa vitabuni ni jina la kijiji cha Tamblang: m, b na l zinafuatana, kwa hiyo m hupewa adeg-adeg na l huning'inia chini ya b.

Tutazame jina moja kwa karibu: ᬤᬾᬦ᭄ᬧᬲᬃ, Dénpasar. Kwenye kompyuta limehifadhiwa kwa alama saba, kwa mpangilio huu: da, taleng, na, adeg-adeg, pa, sa, surang. Lakini jicho halioni mpangilio huo. Taleng, iliyohifadhiwa baada ya da, huonekana kabla yake. Adeg-adeg haionekani kabisa. Kazi yake ni kuiamuru pa igeuke gempelan na kujishikiza kwa na. Surang hupanda juu ya sa. Kazi hiyo ya kupanga hufanywa na programu, si na mchapaji. Programu isiyojua kupanga itaweka taleng upande usio wake na kuiacha adeg-adeg ikining'inia wazi, na jina la mji mkuu linasomeka kama limevunjwa kwa nyundo.

Hapo ndipo vibao vingi huharibika, kwa njia ambazo fundi wa mabango hawezi kuziona. Ya kwanza ni fonti za zamani. Kabla herufi za Kibali hazijaingia katika Yunikodi, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, toleo la 5.0 la mwaka 2006, watu walitumia fonti kama Bali Simbar ya I Made Suatjana. Ilikuwa ukombozi kwa wakati wake, lakini ndani ya faili maandishi yalibaki ni herufi za Kilatini zilizovishwa sura ya Kibali. Faili ikipelekwa kwa fundi asiye na fonti hiyo, linatoka fungu la herufi za Kilatini zisizo na maana. Suatjana huyohuyo alishirikiana na Michael Everson kuandaa pendekezo lililoziingiza herufi hizo Yunikodi, kuanzia namba 1B00 hadi 1B7F.

Ya pili ni tahajia. Kilatini kina s moja. Aksara zina tatu. Maneno yenye asili ya Kisanskriti hushika herufi yake ya asili, hivyo *desa*, kijiji, huandikwa kwa sa saga na si kwa sa ya kawaida. Mashine ya kugeuza herufi kwa herufi haijui asili ya neno, itaweka ya kawaida kila mahali. Sheria hizi huitwa pasang aksara na ndizo humtofautisha anayejua herufi na anayejua kuandika. Ya tatu ni sauti za kigeni: f, v na z hazina kiti katika zile 18, na bila mwongozo mmoja ofisi mbili zinaweza kuandika neno moja kwa namna mbili. Ya nne, ndogo lakini ya kuudhi, ni tarakimu. Baadhi yake hufanana na herufi, kwa hiyo namba huwekwa kati ya vikomo viwili viitwavyo carik; vikisahauliwa, msomaji huanza kuisoma namba kama neno.

Mwenye kuagiza kibao na afanye hivi: aandike jina kwa fonti ya Yunikodi kama Noto Sans Balinese, ampelekee mwalimu wa Kibali alisome kwa sauti bila kuoneshwa Kilatini chake, kisha aligeuze kuwa picha ya mistari ndipo lifike kwa fundi. Fundi asipewe nafasi ya kuchapa upya. Na asikubali fundi aitenganishe herufi moja moja ili kibao kijae. Mwandiko huu huandikwa bila nafasi kati ya maneno, na ukivuta herufi mbalimbali, kilichotundikwa huachana na kinachokitundika.

Je, vibao vinafundisha kusoma? Kwa kiasi kidogo sana. Macho hushuka kwenye Kilatini. Tusiseme basi ni kazi bure: mtoto anayeziona herufi za darasani zikiwa zimechongwa kwenye uwanja wa ndege wa Ngurah Rai anajua kwamba si za mtihani tu. Lakini anayedhani lugha imefufuka kwa sababu barabara ina kibao anahesabu vifaranga ndani ya mayai.

Majani ya mvumo

Fasihi ya zamani imelala kwenye lontar, majani ya mvumo yaliyochorwa kwa kisu kiitwacho pengrupak na kutiwa weusi. Maktaba ya Gedong Kirtya mjini Singaraja inazikusanya tangu 1928. Nyingi zaidi ziko majumbani, zimefungwa kwenye visanduku karibu na madhabahu ya familia. Huogopwa. Familia isiyojua kusoma huamini kilichomo ni kizito mno kuguswa, hutoa sadaka siku ya Saraswati, mara moja kila siku 210, na kufunga tena. Wadudu hawaogopi.

Mwaka 2016 jimbo liliajiri washauri wa lugha, Penyuluh Bahasa Bali, kwa nafasi 716, mmoja kwa kila kijiji cha kiserikali. Mchana hufundisha watoto ukumbini pa mtaa, na kazi yao nyingine ni kufungua visanduku hivyo. Huanza na sadaka na ruhusa ya mwenye nyumba. Bila hiyo hakuna linaloendelea. Kisha huondoa vumbi kwa brashi laini, hufuta kila jani kwa pamba yenye spiriti, hupaka masizi ya mbegu za kemiri zilizochomwa ili michoro iliyofifia isomeke, hufuta ziada, na mwisho hupaka mafuta ya mchaichai yanayofukuza wadudu na kulilainisha jani. Huhesabu majani, husoma kichwa na mstari wa mwisho, huandika daftarini, na hurudisha. Lontar haichukuliwi. Kilichoogopwa vizazi vitatu huweza kuwa tiba za mitishamba, nasaba ya ukoo, au kumbukumbu ya shamba. Kosa la kuepuka ni kupaka masizi kwenye jani ambalo bado lina unyevu. Weusi huenea jani zima na mstari hupotea.

Simu, jukwaa na maikrofoni

Hapa mambo yanakwenda yenyewe zaidi. Riwaya ya kwanza ya kisasa kwa Kibali, *Nemoe Karma* ya I Wayan Gobiah, ilitoka 1931, na tuzo ya fasihi ya Rancagé, iliyoanza kwa Kisunda, lugha ya magharibi mwa Java, inawatunza waandishi wa Kibali tangu 1998. Wasomaji wa vitabu hivyo lakini ni wachache. Waliokirudisha Kibali kwa vijana ni wengine: Lolot na Nanoe Biroe walioimba roki kwa Kibali cha mtaani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na dalang, yaani mchezesha vikaragosi vya ngozi, I Wayan Nardayana wa Wayang Cenk Blonk, ambaye wachekeshaji wake wa ngozi husema mambo ya siasa na bei za vitu kwa andap huku wafalme wakinena Kikawi, lugha ya kale ya fasihi. Ngazi zote za usemi ziko kwenye pazia moja, na mtoto anazisikia kwa kicheko badala ya kiboko.

Kwenye intaneti, BASAbali Wiki, iliyoanzishwa na Alissa Stern pamoja na wasomi wa Bali, ilipata tuzo ya kisomo ya UNESCO mwaka 2019. Kamusi yake huonesha neno pamoja na ngazi yake na sentensi halisi, kwa Kibali, Kiindonesia na Kiingereza, na huendesha mashindano yanayowataka vijana waandike kwa Kibali kuhusu takataka za plastiki au utalii. Wikipedia ya Kibali ilifunguliwa mwaka huohuo wa 2019. Hapo karibu kila kitu ni kwa Kilatini, na hatuoni ubaya. Lugha ikisubiri kila simu iwe na fonti, itasubiri sana.

Mkutano wa banjar

Ofisi ikizungumzwa sana, husahaulika kwamba Kibali cha umma hakikuwahi kuondoka mahali pamoja: banjar, mtaa wenye ukumbi wake na kengele ya gogo. Mkutano wake huendeshwa kwa alus, na sheria za kijiji cha mila, awig-awig, huandikwa kwa Kibali. Anayejifunza kusema hadharani aende huko kabla ya kwenda kwenye semina.

Atasikia hotuba ikifuata njia moja. Kwanza salamu, *Om Swastyastu*. Kisha kuwaita waliohudhuria: *Ida dane sareng sami sane wangiang titiang*, "nyote ninaowatukuza". Msemaji anapoanza hivyo, amewapandisha wote kwa mpigo, wa kasri na wa jaba, hana haja ya kuuliza nani ameketi wapi. Kisha shukrani, kisha jambo lenyewe, ambalo huwa fupi kuliko vitangulizi vyake. Ndani ya jambo hilo maneno ya Kiindonesia huingia na kutoka, na hakuna anayegeuza shingo. Kabla ya kuketi huomba radhi kwa lolote lililopinda katika maneno yake, *nglungsur geng rena sinampura*, awe amekosea au hakukosea, halafu hufunga: *Om Santih, Santih, Santih, Om*. Wazee wa alus safi huomba radhi hiyo kwa maneno yaleyale anayoyatumia kijana aliyekosea mara sita.